Kundi la Maji ya Chumvi

Siku yangu ya kwanza kwenye mradi wa chanjo, Mtafiti Mkuu alitupanga wauguzi mbele ya friji akatuonya: "Humu mna nusu ya maisha yangu. Atakayeacha mlango wazi atafute kazi nyingine." Nilikuwa nimeuguza wodini Mtwara mjini mpaka mvi zikaanza kunitoka, lakini siku ile nilijiona mwanafunzi tena.

Ninyi mnaosomea kazi hii leo mnakiita kitu kilichokuwa ndani ya friji ile kwa majina marefu. Sisi tulielezwa hivi: zipo protini ambazo zikiandaliwa vizuri hujipanga zenyewe zikawa kijipira kidogo mno, hata darubini ya kawaida haikioni. Wahandisi wa protini hupachika juu yake vipande vya kirusi, vikachomoza kama miiba ya fenesi. Mwili ukikutana nacho hudhani umevamiwa, ukaandaa kinga. Kumbe ndani hamna kirusi, hakiwezi kumwambukiza mtu. Nilikipenda kitu kile, nasema kweli.

Ugonjwa wetu ulikuwa chikungunya, homa iletwayo na mbu, ambayo hata jina lake limetoka kwa Wamakonde, la kukunjika kwa maumivu ya viungo. Nikapangiwa Kitaya, kando ya Mto Ruvuma. Nusu ya waliojitolea walichomwa chanjo, nusu maji ya chumvi, na hakuna aliyejua yuko kundi gani, hata mimi. Bila hivyo huwezi kupima kama chanjo inakinga. Ndiyo maana kukawa na ahadi: mwisho wa kazi, watu wa maji nao watachanjwa. Ahadi hiyo niliitamka mimi, nyumba kwa nyumba. Msimu wa mpunga watu walipohamia kwenye madungu shambani kufukuza ndege, niliwafuata hukohuko matopeni.

Bi Somoe, mjane aliyeishi kwa kubangua korosho za watu, alinihoji kabla ya kukubali.

"Sista, mie nikilala mgonjwa, nyumba nzima imelala njaa. Nikiangukia kwenye maji je?"

"Utapata yako mwishoni, Bi Somoe."

"Haya. Neno lako hilo."

Kijipira kilifanya kazi. Damu za waliochanjwa zilionyesha kinga nzuri, tukapongezana ofisini. Kisha wafadhili wakahamia kirusi kingine, kilichokuwa kinatisha miji yao. Mratibu wa Mradi akaja na gari kuchukua friji.

"Na watu wa maji?" nikamuuliza.

"Dada, mradi umefungwa. Watatumiwa ujumbe wa simu wa kuwashukuru."

"Tuliwaahidi."

"Tuliwaahidi kwa masharti."

Masharti hayo hakuna aliyewahi kunipa niyatamke. Nilimtukana, Mungu anisamehe, tena kwa Kiswahili sanifu. Friji ikaondoka na dozi zimo ndani.

Nilipanda bodaboda kwenda Kitaya kuwaambia mwenyewe. Orodha za makundi zilikuwa zimefunguliwa, na Bi Somoe alikuwa kundi la maji. Alinisikiliza, akanikaribisha chai. Afadhali angenifukuza. Masika yaliyofuata homa ileile ikampata.

Sasa nimestaafu, naishi Mtawanya. Wauguzi vijana huniuliza kama wajiunge na tafiti. Jiungeni, maana sayansi ile haikunidanganya hata siku moja. Walionidanganya ni watu. Ila usimwahidi mtu kitu kilichomo kwenye friji ambayo ufunguo wake anao mwingine. Nasikia siku hizi chanjo za namna ile huchomwa wasafiri kabla ya kuja kututembelea huku.

Mwezi uliopita nilimkuta Bi Somoe sokoni mjini. Homa iliisha zamani, viungo havikurudi. Kubangua ameacha, binti yake mkubwa ameacha shule, anabangua yeye. Nikanyoosha mkono kumsalimia. Naye, Mwislamu mwenye adabu zake, akanipa wa kushoto, kwa kuwa wa kulia haufumbati tena kitu.

"Nisamehe, sista," akasema. "Si dharau."