Handaki la Mzee Lesian

Kama umewahi kukaa Olasiti, umeshasimuliwa handaki la mzee Lesian, utake usitake. Jirani yangu huyu alikuwa mkagua njia wa reli kwa miaka kumi na tisa, mbali huko, na kipande chake kilipita ndani ya mwamba uliotobolewa enzi za Wajerumani. "Ukiingia mle," husema, "unasahau kama kuna jua." Nimeyasikia hayo harusini, msibani, hata kwenye foleni ya maji. Nilishachoka, nasema kweli.

Jumapili iliyopita, kwenye ubatizo wa mjukuu wake, bintiye Nashipae alikuja na habari: amepita huko kwa treni na amerekodi kwa simu. Mzee akang'ara. Akaita wageni wote, hata wachoma nyama, tukaizunguka simu. Mwamba ukaja, giza likaingia, na kabla sijameza tonge, mwanga. Sekunde kumi na moja.

Tulicheka mpaka machozi. Mungu anisamehe, mimi ndiye niliyeanza.

"Hilo silo!" mzee akafoka.

"Ndilo, baba. Nimesoma kibao."

Akakaa, uso umemshuka. Nilijuta.

Mkewe, Nosim, hakuwa amecheka. "Baba Nashipae, wewe ulipita mle kwa treni lini?"

Mzee akafikiri. "Sijawahi. Treni ikija, nabana ukutani."

"Basi ulipitaje?"

Akainuka, akaokota ukuni, akasimama getini kwake. Akainama, akagonga ardhi, akatega sikio, akasogea kidogo, akagonga tena. "Hii bolti. Ikilegea inaitika vibaya," alisema. "Taruma, lile gogo linalolalia reli, likiwa na ufa nalo lina mlio wake." Tulimfuata tukichekacheka. Tulipofika zizini hakuna aliyecheka, na nyama ilikuwa imepoa.

"Hapo ndiyo kwanza nimeingia," mzee alisema.

"Na uliogopa?" Nosim akauliza.

"Kila siku." Alijibu upesi, bila hata kututazama. "Taa ilizimika mara mbili. Nilikuwa naimba za kanisani, kwa sauti, nisisikie moyo unavyodunda."

"Miaka yote unanisimulia urefu wa handaki," Nosim alisema. "Mimi huku nilijua unafurahia."

Akamshika mkono, akatugeukia sisi. "Nendeni mkale. Huyu bado hajatoka."