Namba Chini ya Gari ya Zimamoto

Gari ya kwanza nilipata ndani ya bale ya nguo za watoto. Mimi nauza mitumba hapa Ruiru, na ile siku nilikuwa Thika kununua mali. Bale ilipokatwa, ikaanguka kutoka kwa soksi: ndogo, nyekundu, na ngazi mgongoni. Gari ya zimamoto. Nikaiweka kwa mkoba, nikasema nitampelekea mzee wangu.

Mzee wangu, baba ya watoto wangu, aliendesha gari kama hiyo, ile ya kweli, miaka mingi. Sasa ni mwaka wa tatu tangu apigwe na stroke. Mkono wa kulia na ulimi vilienda siku moja. Anasikia kila kitu, anajua kila mtu, lakini neno halitoki. Kuandika pia hawezi. Ule mkono wa kushoto unachora mistari tu.

Mwanzo watu walikuja. Akina mama wa kanisa walileta uji na maombi mpaka viti vikaisha. Baadaye wakaja wawili wawili, halafu ikawa ni simu, halafu ikawa "tunawakumbuka, mama" tukikutana mlangoni pa kanisa. Siwalaumu. Ni ngumu kukaa na mtu asiyekujibu. Watoto wetu wako na makwao. Wa kwanza anaishi Kahawa Sukari, si mbali, lakini akikuja anaongea na mimi jikoni. Nimebaki mimi sebuleni, nauliza na kujijibu. Baba, utakunywa chai? Eeh, leta. Sukari imetosha? Iko sawa.

Ile gari nilimwekea kwa mapaja. Akaigeuza, akasukuma magurudumu na kidole gumba, na macho yake yakawa yale ya kitambo. Hapo nikajua nitatafuta zingine.

Alipolala niliigeuza pia mimi. Shule niliacha nikiwa mdogo, na sasa jioni tatu kwa wiki naenda ngumbaru, masomo ya watu wazima. Nilikuwa nimefika mahali naweza kufungua Biblia na kufuata mstari peke yangu. Chini ya gari nikaona imeandikwa 1:64.

Mtu wa kanisa akiona hivyo anajua ni nini. Sura ya kwanza, mstari wa sitini na nne. Kitabu hakikutajwa, basi nikapitia vyote, kimoja baada ya kingine. Sura za kwanza nyingi haziendi mbali hivyo. Nilipata kwa Injili moja tu, na ni pale yule kuhani mzee aliyekaa bubu anafunguka mdomo na kuanza kumsifu Mungu.

Nilipiga magoti hapo kwa sofa nikalia. Sikuambia mtu. Kuna vitu Mungu akikupatia, ukitangaza utaviharibu.

Tangu hapo nikawa natafuta zenye namba hiyo. Kuna mama Thika anauza toi za mitumba, anazitandaza juu ya gunia nyuma ya soko. Yeye ndiye alinifundisha. Mwanzo nilimwendea na sumaku niliyotoa kwa spika mbovu, nipime kama ni chuma kweli, na sumaku haikushika gari hata moja. Nikamwambia anauzia watu uongo.

"Wui! Hii si chuma ya msumari, mama. Sumaku haiitaki. Weka kwa shavu."

Nikaweka. Baridi. Ile ya plastiki ilikuwa tu kama mkono wa mtu.

"Na ushike uzito. Hii inakaa kwa mkono kama yai. Ya prastiki inakaa kama ganda."

Nikajifunza magurudumu ya raba ni bora kuliko ya plastiki, na ngazi nzuri huzunguka na kusimama pale umeiacha. Nikajifunza kunusa. Kuna zingine zimepakwa rangi ya kucha kuficha mikwaruzo, na ukilamba kidole ukasugua, inajulikana. Zile safi kabisa, zinazochaguliwa bale ikifunguka, zinaitwa kamera, na bei yake ni ya asubuhi, haishuki. Zinazobaki mwisho ni fagia, na hizo unajadiliana. Lakini nikiona 64 sikuweza kujadiliana. Nililipa nilichoambiwa. Yule mama akanijua, akawa ananiita Mama Tumbo, kwa sababu kila gari naigeuza nasoma tumbo kwanza.

Moja nilinunua mia nane. Kamera kabisa, raba, milango inafunguka. Mzee aliiangalia, akanirudishia. Halafu akainua ule mkono wa kushoto, akaweka kidole gumba na cha shahada pamoja, akavitenganisha polepole. Akarudia. Kila nikileta ya 64, ni hivyo hivyo.

Mimi kwa hivyo vidole niliona mdomo unafunguka. Nilimshika huo mkono nikasema, "Amina, Baba. Amina."

Huo mchezo ulienda karibu mwaka mzima. Halafu jioni moja kwa ngumbaru mwalimu akachora barabara ya kutoka Ruiru hadi Thika ubaoni, na pembeni akaandika moja, nukta mbili, halafu namba kubwa. Akasema namba ya kwanza ni ya karatasi, ya pili ni ya ardhi.

Nikainua mkono. "Mwalimu, na ikiwa chini ya gari ya toi?"

"Ni hiyo hiyo, mama. Gari ya kweli ni ndefu mara hiyo namba."

Nikaandika hiyo kwa daftari.

Kesho yake nikachukua tepu yangu ya kushona. Ile ya mia nane ilikuwa sentimita saba. Nikazidisha kwa sitini na nne kwa karatasi, mara mbili, nikapata mita nne na nusu. Huo ni urefu wa teksi. Na mzee wangu, wakati alikuwa na maneno, alipenda kuniambia, "Mita nane, mama. Ukikata kona usisahau mkia."

Alikuwa anasema ni fupi. Mwaka mzima ananiambia ni fupi, na mimi namjibu Amina.

Niliomba hiyo asubuhi, lakini maombi mafupi. Mstari sikuutaja. Sikujua kama ni mimi nimemkosea Mungu au ni kiwanda.

Kulikuwa na gari moja kwa gunia la yule mama, ndefu, tumboni 1:50. Nilikuwa nimeiacha mara tatu kwa sababu ya namba. Nilienda Thika nikiogopa imeuzwa.

"Mama Tumbo! Leo unasoma gani?"

"Ile ndefu. Ya hamsini."

"Si uliikataa mara tatu? Ilibaki jogoo tu awike!" Akaivuta kutoka kwa fagia. "Kioo cha mbele hakuna. Dereva alitoka nacho."

Nikatoa tepu, nikapima hapo hapo.

"Ngai! Sasa unaishonea suruali?"

Sentimita kumi na sita. Mara hamsini, mita nane. Aliitisha mia nne, nikamwonyesha kioo hakipo na gurudumu limelegea, nikatoa mia mbili hamsini.

Nyumbani nilimwekea kwa mapaja. Akapitisha kiganja kutoka mbele hadi nyuma, polepole, akakiacha hapo mwisho, kwa mkia. Vidole havikutengana. Nikaweka ile ya mia nane kando yake. Akaiangalia, akainua mkono, vidole vikaachana.

"Ni fupi," nikasema.

Akageuka kuniangalia.

"Ni fupi, Baba. Hiyo ni teksi imepakwa nyekundu."

Mabega yakaanza kutingika kwa kicheko. Mdomo ukafunguka upande mmoja, ule unaoweza, na sauti ikatoka kama gari inayokataa kuwaka. Nikangoja, labda neno lifuate. Halikufuata.

Nikaenda kuweka chai. Nilipoleta nikamuuliza kama sukari imetosha. Sikujijibu. Nilikaa hapo na kikombe, naangalia mkono wake.