Cherehani cha Mama Mkwe

Miaka ile kabla ya daraja, nilikuwa kwenye kivuko cha Kilombero, nikimrudishia mama mkwe wangu wa Lupiro cherehani chake kilichotoka kwa fundi Ifakara. Ndicho kinachomlisha. Nimefunga mizigo toka Kigoma hadi Tanga, kwa hiyo nilikifunga kwenye keria ya pikipiki kwa kamba ya nailoni, mafundo saba, nikajisifu.

Mama mmoja muuza mchele, mwenye gunia kwenye baiskeli, alikishika akakitikisa. Kikacheza.

“Shemeji, umefunga au umepamba?”

“Mafundo saba, dada.”

“Mashimo ya Lupiro hayahesabu mafundo.”

Alifungua yote, akatoa mipira ya tyubu aliyobakiza alipofunga gunia lake, akafunga upya akiivuta huku goti likikandamiza mzigo. Akatikisa tena. Safari hii pikipiki nzima iliyumba pamoja na cherehani.

“Hapo sawa.”

Nilipokaribia kwa mama mkwe niliingia mchangani, nikaanguka na pikipiki. Alitoka mbio, akanipita, akashika cherehani. Hakikuwa kimesogea hata kidogo.

“Shikamoo, mama,” nikasema nikiwa chini.

“Marahaba. Nani kafunga hiki?”

“Mama mmoja pale kivukoni.”

“Angekufunga na wewe.”