Muzazi wa Maman Eulalie Hanenepi

Kwa watu wa Kadutu, huko Kivu, mwanamke aliyetoka kujifungua huitwa muzazi, na muzazi hana kazi. Anaoga maji ya moto, anakandwa tumbo kwa kitambaa, anakunywa busera, ule uji mzito wa mtama na soya, kisha analala. Kazi yote ni ya mama mkwe. Na siku muzazi anapotoka kwenda misa na kitenge kipya, usidhani mtaa utamtazama mtoto kwanza. Utatazama mashavu ya mama yake. Yakijaa, mama mkwe anasifiwa mpaka sokoni. Yakibonyea, heri mama mkwe abaki nyumbani siku hiyo.

Maman Eulalie alikuwa bingwa wa kazi hiyo, na alijua kuwa ni bingwa, shida yenyewe ilianzia hapo. Wakamwana wake wawili wa kwanza, wake za wanawe wakubwa, walitoka mikononi mwake wamenona hata pete zikakwama vidoleni. Basi Consolate alipojifungua, yeye mke wa Bruno, mtoto wa mwisho wa Eulalie ambaye yuko machimboni huko Mwenga, mama huyu aliacha meza yake ya sambaza, wale dagaa wa ziwani, huko sokoni, akahamia kwao na sufuria zake, akatangaza mbele ya majirani: "Huyu naye mutamuona!"

Walimwona, lakini si kwa mashavu.

Consolate alikula vijiko viwili vya busera akageukia ukuta. Usiku halali, mchana halali. Mtoto, jina lake Glody, akilia, mama yake alimnyonyesha kama mtu anayetimiza amri, kisha akamrudisha haraka kwa bibi yake. Na kulikuwa na jambo la beseni. Kila asubuhi Eulalie alipoingia na maji ya kumwogesha mtoto, Consolate aliinuka kitandani akaenda kusimama mlangoni, mikono nyuma.

"Maman, umuoshe wewe."

"Na mikono yako iko na nini?"

"Hapana kitu, Maman. Umuoshe tu."

Eulalie alimwosha, lakini moyoni alichemka kuliko yale maji. Msichana mwenye diploma, eti hawezi kushika mtoto wake mwenyewe! Maringo tu haya, alijisemea. Au kama si maringo, basi ni chakula changu hakimpendezi. Akazidisha. Akaleta sombe, majani ya muhogo yenye mafuta mengi, akaleta mchuzi wa samaki, akakanda lile tumbo mpaka maskini wa watu akauma mto. Consolate akazidi kukonda. Majirani wakija kusalimia mtoto, Eulalie aliwakuta mlangoni na jibu tayari: "Muzazi iko na malaria, analala." Ajabu ya malaria hiyo! Ilidumu kupita malaria zote za Kivu, na hakuna aliyeona kidonge kikimezwa.

Mbaya zaidi, Eulalie mwenyewe alianza kuogopa, na hakujua anaogopa nini. Alikwenda chooni akarudi mbio. Mtoto akinyamaza kidogo, yeye aliacha bugali juu ya moto akachungulia chumbani. Mara moja alimkuta Consolate amesimama nyuma ya nyumba, pale mlima unapokatika ghafla, amembana Glody kifuani kwa nguvu, anatazama chini. Alipomwona mama mkwe, alimkabidhi mtoto akaingia ndani. Eulalie hakumuuliza. Angeuliza nini? Na kama jibu lingekuwa baya?

Kisha wakaja wanawake wa mtaa na sabuni zao za zawadi, na safari hii malaria haikuwazuia. Walimkuta muzazi ameketi, mifupa ya shingo imejitokeza. Francine, jirani wa ukuta kwa ukuta ambaye mdomo wake haujui kupumzika, alimtazama toka kichwani mpaka miguuni.

"Maman Eulalie, huyu muzazi wako munamulisha nini? Upepo?"

Wakacheka. Eulalie naye alicheka, meno tu. Ile aibu alilala nayo, akaamka nayo.

Asubuhi aliweka beseni katikati ya chumba, maji yakitoa mvuke mwembamba, sabuni pembeni. "Leo njo wewe utamuosha. Banatucheka, Consolate! Uko mama ao uko mugeni humu ndani?"

"Maman, nakuomba…"

"Aa! Utamuosha!" Akatoka kwenda kuchukua makaa, na mlango akaubamiza.

Aliporudi, chumba kilikuwa kimya. Beseni lilikuwa pale pale, limejaa. Kitanda kitupu. Mtoto hayuko, mama hayuko. Eulalie alipiga magoti akaingiza mikono miwili katika maji mpaka chini, ingawa yalikuwa meupe na kitako cha beseni alikiona vizuri. Hapo ndipo alipojua alichokuwa akikiogopa siku zote. Alitoa sauti ambayo hakuijua kuwa ni yake.

Alitoka bila viatu. Vijia vya Kadutu huteremka kama ngazi iliyojengwa na mlevi, na mwanamke wa umri wake huteremka polepole, akishika kuta za watu. Yeye alikimbia. "Munaona muzazi na mutoto? Munamuona?" Muuza parachichi alionyesha chini, kwa kidole. Chini ni barabara kubwa, na ukiendelea kuteremka, ni ziwa. Eulalie hakutaka kufikiri ziwa, akalifikiri kila hatua. Mungu wangu, Mungu wangu, Mungu wangu, hakuwa na sala nyingine.

Alipofika karibu na kituo cha afya, alisikia kilio. Glody ana sauti ya kukwaruza kidogo, huwezi kuikosea. Eulalie aliingia, akapita watu waliokaa benchi bila kusalimia, akasimama nyuma ya pazia la chumba cha muuguzi, pumzi imemwishia.

Kupitia upenyo aliona mtoto amelazwa juu ya meza, mzima, anarusha miguu. Muuguzi, Maman Lucie, alikuwa amemshika kwa mkono mmoja. Consolate alikuwa mbali, amejibana ukutani.

"Mumukamate," alikuwa akisema. "Mubaki naye. Kila mara naona maji, namuona iko chini yake. Naona mikono yangu njo inamufinya. Sitaki! Nakuapia sitaki!"

"Njo maana ulimuleta huku?"

"Njo maana. Leo alisema nimuoshe, nikaogopa, nikakimbia naye."

Lucie hakupiga kelele, wala hakumwita mtu aje kushangaa. Aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza homa. "Unalala?"

"Hapana."

"Unafikiri kujiua?"

"Kuko siku naomba nisiamuke."

"Na ku nyumba, uko na nani?"

"Hakuna mutu."

Hakuna mutu! Eulalie alitaka kupasua pazia. Na mimi ninayekuosha, ninayekukanda, ninayelala miguuni pako, mimi ni sufuria? Mdomo ulikwisha funguka. Halafu akajiuliza tangu Glody azaliwe alimuuliza Consolate nini. Umekula? Maziwa inatoka? Damu inapungua? Akatafuta mara moja tu alipomuuliza: roho yako iko aje? Hakuipata. Akafunga mdomo, akasogeza pazia, akaingia.

Consolate alipomwona alifunika uso. Lucie akawaketisha wote wawili. Akasema huu ni ugonjwa, hukamata wanawake wengi wakishazaa, si uchawi, si maringo, wala si kwamba hampendi mtoto. Mtu anayeogopa mawazo yake hivyo hayataki. Lakini ugonjwa huo hauchezewi: waende hospitali leo hii, kuna mtu wa kumsikiliza na dawa kama itahitajika, na asiachwe peke yake hata kidogo.

"Na musimufiche," alimaliza. "Batu ba kwenu bajue, basaidie."

"Bajue?" Eulalie alisema. Hilo lilimchoma kuliko yote.

Walitoka, Glody mgongoni mwa bibi yake. Na nani alikuwa barabarani, kikapu kichwani, kama aliyetumwa? Francine.

"Ee! Muzazi inje, na misa bado! Kuko nini? Ile malaria tena?"

Malaria ilikuwa tayari kwenye ulimi wa Eulalie, laini, imezoea njia. Kando yake Consolate aliinamisha kichwa akingoja.

"Hapana," Eulalie alisema. "Malaria nilikudanganya. Mukamwana wangu iko mugonjwa. Ugonjwa ya kuzaa, inamukamata ku roho. Anakonda mikononi mwangu, na mimi nilikuwa namufichaficha juu ya mudomo yenu. Tunaenda ku hôpital. Kama unamupenda, kesho kuja ukae naye, usimuache pekee."

Francine alishusha kikapu.

Consolate alianza kulia. Tangu ajifungue hakuwahi kutoa chozi, na sasa alilia kwa sauti, mdomo wazi, katikati ya barabara, watu wakigeuka, pikipiki zikipiga honi na kuwazunguka. Eulalie, ambaye maisha yake yote amewaambia watoto wake kwamba mtu halii mbele za watu, alimshika kiwiko, akasimama naye pale pale, wala hakumwambia anyamaze.