Chai ya Zima-Uwashe Hupoa Kila Alhamisi

Saa nne asubuhi. Nusu ya makarani wa mapokezi ya hospitali wameshakwenda chumba cha nyuma kunywa chai. Nusu nyingine wanahudumia wagonjwa. Fundi wa kompyuta amesimama kaunta, anatazama skrini nne nyeusi.

Wenzake humwita Zima-Uwashe. Jina alilipata enzi ambazo kila sasisho la programu lilitaka kompyuta izimwe na kuwashwa upya, naye akatii, asubuhi na mchana, huku wagonjwa wakiganda kwenye mabenchi.

Makarani wakachoka, wakawa wanabonyeza "baadaye" wiki nenda wiki rudi. Bingwa wao alikuwa karani mkuu, mama asiyepepesa maneno. Siku moja mashine yake, masasisho yakiwa yamerundikana, ikajizima yenyewe akiwa anamwandikisha mzazi mwenye mtoto anayechemka homa. Maelezo yote yakapotea, wakaanza upya mtoto akilia.

"Nilimwambia hayo masasisho yake ayafutilie mbali," anasema karani mkuu. "Na mganga mkuu alikuwa upande wangu."

Fundi akakataa. Kompyuta isiyosasishwa, anasema, ni chumba cha siri za wagonjwa kisicho na kitasa. Mganga mkuu akampa mwezi mmoja. Mgonjwa akikwama tena, masasisho basi, naye atarudi kubadilisha wino wa printa.

Alipochunguza aliona mengi hayahitaji kuzima kompyuta, inatosha kufunga programu husika na kuifungua. Yanayohitaji huyakusanya, huyaingiza taratibu watu wakiendelea na kazi, kisha huwasha upya mara moja kwa wiki, Alhamisi, saa ya chai.

Kilichomtoa jasho ni chai yenyewe. Makarani walizoea kunywa kila mtu kwa wakati wake. Kuwagawa makundi mawili kulizua ugomvi: nani atangulie kwenye maandazi?

Leo mwezi unaisha. Skrini tatu zinaamka. Ya karani mkuu bado nyeusi, na mzee mwenye mkongojo anaisogelea. Fundi anamshika mkono, anampeleka dirisha la jirani, na mzee anaandikishwa pale pale. Fundi anapogeuka, skrini ya nne inawaka.

Karani mkuu anarudi kitini, anaitazama, kisha anamgeukia fundi.

"Chai yako nimeifunika kisahani, mwanangu. Na andazi nimekufichia."

Fundi anacheka. Sasa anajifunza kusasisha seva, zile kompyuta kuu za hospitali, zikiwa zinafanya kazi, bila kuzimwa kabisa.

"Nikiweza hilo," anasema, "watanitafutia jina lingine. Na chai nitainywa ya moto."