Mlango Uliokatwa kwa Mafuta ya Sangara

Kila mwisho wa mwezi naenda Buswelu kumsalimia baba, na kila nikifika namkuta jirani yake, kijana fundi, anatesa mbao. Sina neno jingine. Ana mashine ya umeme ya kukatia maua ya urembo kwenye mbao, ile ambayo bledi yake ni nyembamba kama kijiti cha kiberiti, inapanda na kushuka ikila ubao, na anaiendesha kavu kabisa. Bledi inapiga kelele kama mbuzi anayeburutwa, ubao unatoa moshi, na harufu ya kuungua inatufuata mpaka kwenye chai. Safari iliyopita nilishindwa kuvumilia, nikaenda kumwambia.

"Shikamoo, mama," akasema bila kuzima mashine.

"Marahaba. Hivi wewe huna hata mshumaa humu ndani?"

Akatazama juu kwenye taa. "Mbona umeme upo, mama?"

Nikamweleza kwamba mshumaa si wa kuwasha, ni wa kusugua kwenye bledi ipite laini, isipate moto, isichome ubao. Akanisikiliza kwa ile huruma ambayo vijana huwapa watu wa umri wangu. "Hizi za siku hizi hazina shida, mama. Ikikatika naweka nyingine." Na papo hapo ikakatika, ta! Akaweka nyingine. Nilirudi kwa baba nimefura, na baba, ambaye zamani angeruka ukuta kwa kelele ile, alikuwa amekaa kwenye kiti chake akimenya chungwa.

Rafiki yangu, usidhani najifanya fundi. Mimi nimekulia ndani ya vumbi la mbao. Karakana ya baba ilikuwa Buzuruga, nyuma ya nyumba tuliyopanga, karibu na stendi, kiasi kwamba tangu asubuhi tulisikia wapiga debe wakiita Magu, Magu, Magu. Mashine yake ya maua aliiunda mwenyewe kwa miguu ya cherehani kuukuu. Unakanyaga, gurudumu linazunguka, bledi inapanda na kushuka. Haikutaka umeme, na jambo hilo alimtangazia kila mteja, hata aliyekuja kununua mbuzi ya kukunia nazi.

Kazi yangu mimi ilikuwa mshumaa. Baba alikata ua moja, akainua mguu, mashine ikasimama, akasema neno moja, "Paka." Nilisugua bledi mara mbili, mbele na nyuma. Nikisugua kidogo, bledi inaanza kulia na baba analalamika kwamba chuma kikilia kimeshaumia. Nikisugua sana, nta inashikana na vumbi katikati ya meno, na baba anaitoa kwa ukucha huku akisonya. Sikuwahi kumridhisha. Wenzangu walikuwa nje wanacheza rede, wanacheka, na mimi nimesimama na mshumaa mkononi kama mtu anayesubiri kubatizwa. Miaka mitatu, jamani! Vipande vya mishumaa nilivifuata mwenyewe kanisani kila Jumapili, ambako mama aliyefanya usafi alituwekea kwenye mfuko.

Mbele ya nyumba alikaa bibi, mama yake baba, na karai lake. Alikaanga mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki viwandani baada ya minofu kusafirishwa kwa wenye bahati yao. Nilipenda kunyonya vichwa vile vya moto mpaka midomo inang'aa, hilo silikani. Mafuta yaliyotoka kwa samaki bibi aliyaweka kwenye kopo la maziwa, na kwake yeye kopo lile lilikuwa hospitali. Bawaba ikilia, mafuta ya sangara. Kisigino kikipasuka, mafuta ya sangara. Nilipokohoa nilinyweshwa kijiko kizima, na naomba nisiendelee.

Nikiwa darasa la tano alikuja mama mmoja wa Kihindi, mtu mzima, mwenye duka la vitambaa mjini. Mchwa walikuwa wamekula kihekalu cha mbao alichosalia nyumbani kwake, na sanamu za miungu yake alikuwa amezihifadhi juu ya friji, zimefunikwa kitambaa. Jambo hilo lilimtia aibu. "Wamekaa kama wageni waliokosa kiti," alimwambia baba. Alitaka kihekalu kipya cha mninga, chenye milango miwili iliyotobolewa maua, na alikitaka kabla ya sikukuu yao ya taa. Baba akamwahidi. Kila Jumamosi mama yule alikuja, akakaa kwenye kigoda akasimamia kazi. Kila Jumamosi bibi alimpelekea chai, na kila Jumamosi aliirudisha kwa adabu, maana kwao hawali nyama wala samaki wala yai, na vikombe vyetu, tuseme ukweli, vilinuka samaki. Alikunywa maji aliyokuja nayo. Kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba sikujua. Nilijua vizuri sana.

Mlango wa kulia ulikatwa salama. Tulipoanza wa kushoto, umeme ulikatika wiki nzima mtaani, na bibi akachukua akiba yangu yote ya vipande vya mishumaa akaichoma nyumbani. Nilibaki na kipande kama punje ya hindi, nacho asubuhi ya Alhamisi, tukiwa likizo, kikaishia mkononi. Baba akainua mguu bila kuondoa macho kwenye ubao. "Paka." Ningemwambia, "Baba, umeisha," na mambo yangekwisha. Lakini baba alikuwa na hotuba ndefu kuhusu utunzaji wa vitu, na nilikuwa nimechoka, na nje walikuwa wameshaanza rede. Kopo la bibi lilikuwa pale dirishani. Nikachovya kidole, nikapaka bledi mbele na nyuma.

Bledi ikanyamaza. Nakuambia ilinyamaza kabisa, ikawa inapita kwenye mninga kama kisu kwenye papai. Baba akaanza kuimba kwa sauti ya chini, wimbo wa kwao wa kulimia pamba, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya kazini. Akakata ua, akainua mguu, nikapaka, akaendelea kuimba. Hukumwona baba yangu akiimba, kwa hiyo usinihukumu haraka. Mpaka saa sita mlango mzima ulikuwa umekatika.

Halafu taabu ikaanza. Kingo za maua zilinasa vumbi, zikanata kama uji wa jana. Baba alipopaka vanishi, mlango wa kulia ukaikubali na wa kushoto ukaikataa. Ilijikusanya mafungumafungu ikiyakimbia maua. Akapiga msasa, akapaka tena, akamlaumu aliyemuuzia vanishi. Sisimizi wakapanga foleni kwenye mlango wa kushoto peke yake, baba akawalaumu sisimizi. Pua yake ilikuwa imeshakufa zamani kwa gundi na rangi, na nyumba nzima ilinuka sangara, sasa angejuaje? Wahenga walisema la kuvunda halina ubani, na mimi nililitazama likivunda siku baada ya siku, nimefunga mdomo. Nilijua mama yule angeweka miungu yake ndani ya mafuta ya samaki, kitu ambacho maisha yake yote hakukiruhusu kuvuka kizingiti chake. Nilijua angegundua, na wa kulaumiwa angekuwa baba.

Siku ya kuchukua mzigo ilikuwa siku mbili tu kabla ya sikukuu. Kihekalu kikapakiwa kwenye pikapu, na yule mama akakaa mbele na dereva, uso umechangamka. Gari likawashwa. Mara paka wa jirani akarukia nyuma ya pikapu, akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa kushoto akaanza kuulamba. Baba akamfukuza, paka akarudi. Baba akamrushia ndala, paka akakwepa akarudi kulamba. Uvumilivu ukaniisha, kwa paka, kwa baba, na zaidi ya wote kwangu mwenyewe.

"Baba, ni sangara!" nikapiga kelele. "Mshumaa uliisha! Nilipaka mafuta ya bibi!"

Baba akasimama na ndala moja mguuni. Angeweza kumpungia dereva mkono gari likaondoka, na nilimwona akiliwaza hilo, nukta moja hivi. Kisha akaenda dirishani kwa yule mama. "Mama, nisamehe sana. Mlango mmoja una mafuta ya samaki. Siwezi kukupa." Akachukua bisibisi, akapanda kwenye pikapu akaanza kuung'oa mlango ule, majirani wote wakitazama.

Yule mama akashuka. Akamtazama paka, akanitazama mimi. "Na sehemu nyingine zote?" akamwuliza baba.

"Mshumaa mtupu, mama."

"Nitaamini vipi?"

Mama yule akanigeukia. "Sema wewe."

"Ni mshumaa, mama," nikasema. "Mafuta niliyapaka siku moja tu, mlango huo tu."

Akarudi garini, wakaondoka na kihekalu chenye mlango mmoja. Sikukuu yao ikapita hivyo, upande wa kushoto umening'inizwa kitambaa kutoka dukani kwake.

Jumamosi iliyofuata nilidhani yule mama hatamwona tena baba wala kigoda chake, lakini akaja. Baba alikuwa ameshachora maua kwenye ubao mpya na mshumaa mzima ameuweka kwenye mfuko wa shati lake. Mama yule akautazama mfuko. "Apake mtoto," akasema.

"Huyu?" Baba akacheka kwa uchungu. "Huyu hagusi tena bledi yangu."

"Wewe ulinusa? Hukunusa. Yeye ndiye aliyesema. Apake yeye."

Nikanawa mikono kwa majivu, kwa sabuni, kwa ndimu, halafu kwa sabuni tena, nikapaka, mara mbili, mbele na nyuma, ua baada ya ua, huku machozi yananitoka na baba akinikumbusha nisiloweshe ubao. Mlango ulitoka mzuri na mama yule aliuchukua mwenyewe, ameupakata. Baba hakunipiga, hakunigombeza, wala hakulitaja tena jambo lile. Ila hakuimba tena kazini. Nilisubiri miaka nikiwa na mshumaa mkononi, sikumsikia.

Leo karakana ile ni duka la simu. Bibi tulimzika, na karai lake sijui liko kwa nani. Duka la vitambaa lilifungwa, familia ikahama mji, na kihekalu kile kama kipo bado sijui kinawashiwa taa nchi gani. Aliyebaki ni baba, na tangu mwaka jana baba ameanza kusahau. Safari ile, nikiwa bado nimefura kwa ajili ya kijana wa jirani, nikaona nisichelewe. Nikavuta kigoda, nikamwambia nataka anisamehe kwa ule mlango wa sangara.

"Sangara gani?" akauliza.

Nikamsimulia yote, mchwa, kopo, paka, bisibisi, gari limewashwa. Alisikiliza kwa makini, anatikisa kichwa, anamsikitikia baba wa yule mtoto. Nilipomaliza akanishika mkono kwa vidole vyake vyenye maji ya chungwa.

"Huyo atakuwa mtoto mwingine," akasema. "Wewe hujawahi kuniharibia kazi hata siku moja."

Nikabisha. Nikapandisha sauti, mtu mzima mimi, nikimgombeza baba yangu kwamba nilimkosea na alikuwepo na aliona. Akatabasamu tu, ananitetea. Nikainuka kwenda kumchemshia chai, na pale jikoni nikalia kwa hasira, kwa sababu watu wote waliokuwepo siku ile wameondoka, na baba naye ameondoka, wakati amekaa palepale kwenye kiti.