Mzee Aliyejua Tangu Mwanzo

Kuramochi Eisaku alikuwa ameshaua wazee saba kwa kalamu yake, na wa nane alikuwa njiani. Ndiyo ilikuwa kazi iliyomlisha: kuandika hadithi za magemu ya vita, yale ya zamu kwa zamu, ambamo mchezaji anasogeza askari wake kwenye vyumba kama vya drafti, mwana wa mfalme hapa, wapiga mishale pale. Kila gemu ilidai mzee mwenye hekima. Kila mzee alikuwa na ndevu, kovu na siri nzito, na kila mmoja aliitoa siri hiyo akiwa anakata roho. Vijana wa ofisini, pale Osaka, walimwita Kuramochi Mwalimu, nusu kwa heshima na nusu kwa utani, maana ndevu alikuwa nazo na yeye.

Hekima yote ilibaki ofisini. Nyumbani alikuwa mtu wa "mm". Mambo yote yanayohitaji kufungua mdomo, iwe ni majirani, fundi bomba au ndugu wa pande zote mbili, alimwachia mkewe, Fusae, ambaye ulimi wake ulikuwa mwepesi na kicheko chake karibu. Hawakujaliwa watoto. Fusae aliongea, yeye akaitikia, na ndoa ikaenda hivyo bila matatizo makubwa mpaka Fusae alipoanza kutapika chakula.

Alipasuliwa mwezi wa Septemba. Baada ya hapo daktari alimwita Kuramochi kwenye chumba kidogo, peke yake.

"Saratani imeenea tumbo zima," daktari alisema. "Tumefungua, tumeona, tumefunga. Mwaka mpya atauona. Maua ya mcheri ya mwezi wa nne, sidhani." Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza chai au kahawa: "Mgonjwa tumwambie ni vidonda vya tumbo, kama kawaida?"

"Mm," alisema Kuramochi.

Angesema nini kingine? Baba yake mzazi alikufa akidhani ana homa ya mapafu. Mama yake vivyo hivyo, na yule jirani wa ghorofa ya juu mwaka uliotangulia. Mgonjwa anapewa ugonjwa mdogo, familia inapewa ule mkubwa, na wote wanauita huo upole. Upole gani huo, wa kumnyima mtu habari za tumbo lake mwenyewe? Lakini hakuna aliyeuliza, na Kuramochi hakuwa mtu wa kuwa wa kwanza.

Oktoba, Fusae alipata nafuu ya kudanganya. Alipanda ngazi za kituo cha treni mwenyewe, alikwenda sokoni, aligombana na muuza samaki. Ndipo dada yake, Toshie, alipompigia simu kutoka Wajima, kule kaskazini kwenye bahari ya baridi. Dada hao wawili walikuwa hawajaonana tangu nyumba ya wazazi wao iuzwe, na maneno waliyotupiana siku ile hayasemeki. Sasa Toshie alikuwa mzee, nyonga imemkatalia, anaishi peke yake na mkongojo. Alisema maneno machache tu: njoo, tuyamalize.

"Nataka kwenda," Fusae alimwambia mumewe. "Wiki ijayo, kabla theluji haijaanza. Nikingoja zaidi nitaona haya tena, najijua."

Hapo ndipo alipotakiwa kusema. Miezi iliyofuata aliirudia dakika ile kichwani mara nyingi kuliko ukurasa wowote aliowahi kuuandika. Alimwangalia mkewe aliyesimama jikoni na kisu mkononi, anamenya figili, mashavu yana rangi kidogo.

"Safari ni ndefu," alisema. "Pata nguvu kwanza. Maua yakichanua nitakupeleka mwenyewe."

"Wewe? Unipeleke?" Fusae alicheka. "Basi nitangoja, nisikose muujiza."

Ili asichoke kungoja, Kuramochi alimletea kaseti ya majaribio ya ile gemu mpya pamoja na mashine yake. Fusae alikuwa hajawahi kushika pedi, kile kidude cha vitufe cha kuchezea, maishani. Kufikia Novemba, alipokuwa tayari hatoki tena kitandani ila kwa kushikwa, alikuwa anawaamrisha askari wake kwa sauti, na majirani walimsikia.

Mzee wa safari hii aliitwa Orvano. Alikuja tangu pigano la kwanza, na farasi na mkuki mrefu, na hakuna adui aliyesimama mbele yake. Ila ulikuwa mtego, na wachezaji wazoefu wanaujua. Kila adui anayeuawa humwongezea nguvu yule aliyemuua. Orvano amekwisha kukomaa, nguvu hizo hazimfai kitu. Kila anachoua yeye ni chakula anachowanyang'anya vijana. Wazoefu humnyang'anya mkuki na kumweka nyuma alinde mizigo.

Fusae hakujua. Fusae alimpenda. Kila pigano alimtanguliza Orvano mbele, vijana wakamfuata nyuma mikono mitupu kama watu wanaosindikiza harusi.

"Mtu kama huyu akae nyuma kwa nini?" alisema. "Ndiye mwenye akili peke yake humu ndani."

"Mm," alisema Kuramochi. Angeweza kumwambia. Lakini mkewe alikuwa anacheka, na akicheka alimaliza nusu bakuli ya uji wa mchele, na nusu bakuli siku zile ilikuwa kitu kikubwa.

Desemba wakafika kwenye daraja ndani ya gemu. Orvano akachomwa mishale, akaanguka kutoka kwenye farasi, na mwana wa mfalme akampakata. Yule mzee akatoa siri: aliyemuua mfalme ni baba yako mdogo. Mimi nilikuwa mlangoni usiku ule, niliona kwa macho yangu. Kisha akakata roho, na muziki ukaanza.

Fusae aliweka pedi chini.

"Alikuwa mlangoni?"

"Mm."

"Kabla ya pigano la kwanza?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo kile kijiji kilichochomwa, na yule binti mganga niliyempoteza mlimani, wote hao wamekufa kwa sababu mzee mzima hakufungua mdomo."

"Alitaka kijana akomae kwanza."

"Amesema wapi? Nimesoma kila neno. Hujaandika mahali popote." Alipumzika kidogo, maana kuongea kulikuwa kunamchosha. "Mwalimu, unalipwa kwa kazi hii kweli?"

Alisema kwa utani, lakini hakuwa anacheka. Siku zilizofuata utani nao uliisha. Bila Orvano jeshi lake lilikuwa si kitu. Vijana hawakujua kupigana. Adui wa kwanza baada ya daraja aliwafagia, Fusae akaanza upya, wakafagiwa tena. Akabonyeza kuanza upya mara ya tatu.

"Hawawezi," alisema. "Kwa nini hawawezi?"

Ndipo Kuramochi alipomweleza ule mtego.

"Na wewe ulikuwa unajua?"

"Kila anayecheza anajua."

"Kila mtu ila mimi," alisema Fusae, akageukia ukutani.

Kuramochi alizima mashine. Usiku huo hakulala, na asubuhi alikwenda ofisini akaandika upya kurasa za mwanzo. Katika kurasa hizo Orvano alisema yote kabla ya upanga wa kwanza kuchomolewa. Akampelekea Nishiwaki, kijana aliyefundishwa kazi naye tangu hajui kitu, na ambaye sasa ndiye msimamizi wa gemu nzima.

Nishiwaki alisoma akiwa amesimama.

"Mwalimu, akisema hapa, yule baba mdogo anakamatwa asubuhi, watu wanarudi kulima. Tunauza nini?"

"Vita inaweza kuwepo kwa sababu nyingine."

"Sababu ipi? Kaseti zinatengenezwa mwezi ujao. Na wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha, mzee hasemi mpaka anakufa, akisema mapema anakuwa karani tu."

"Nilikufundisha vibaya."

"Acha hizo, Mwalimu. Waliojaribu wote wamelia pale darajani. Mpaka wahasibu wamelia."

"Yuko ambaye hakulia."

"Nani huyo mwenye roho ngumu?"

"Mke wangu."

Nishiwaki alizikunja zile karatasi taratibu. Kwenye meza za jirani watu waliacha kugonga vibodi. Mmoja aliinamisha kichwa, mwingine akajifanya anatafuta kitu kwenye droo, na Nishiwaki akashusha sauti, mwenye adabu zake zote.

"Na hivyo vidonda vyake vya tumbo," alisema, "vinaendeleaje?"

Walijua. Kuramochi alikuwa amemwambia mkuu wa kazi ili apate ruhusa za kuwahi nyumbani, na neno likatembea. Wahasibu walijua, binti wa mapokezi alijua. Pale Osaka, katika watu wote waliolijua jina la Fusae, ni Fusae tu aliyekuwa bado anangoja maua. Kuramochi aliinama, akachukua koti lake, akaondoka. Daraja lilibaki kama lilivyokuwa, na yeye hakuliulizia tena.

Alimkuta mkewe macho wazi, runinga imezimwa. Alipiga magoti kando ya godoro.

"Si vidonda," alisema.

Fusae alimtazama. Kuramochi alidhani labda mkewe amekwisha kujua, maana watu husema wagonjwa huwa wanajua. Hakujua. Mumewe aliona habari ile ikimwingia usoni kidogo kidogo, na hakuna kitu alichowahi kukiona kibaya kama kile.

"Tangu lini?"

"Septemba."

"Nani anajua?"

"Daktari."

"Na nani?"

"Ofisini."

"Nishiwaki anajua?"

"Mm."

"Usiniambie mm."

"Anajua."

Fusae aligeukia dirishani. Nje gari la muuza mafuta ya taa lilipita likipiga wimbo wake.

"Dada alipopiga simu," alisema Fusae, "ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Nilikuwa napanda ngazi, Eisaku. Nilikuwa nabeba figili na viazi kutoka sokoni kwa mikono hii. Ningefika Wajima na kurudi."

"Niliogopa utakata tamaa. Niliogopa nguvu zitakuishia."

"Nguvu zilikuwa zangu," alisema. "Ungeniachia mwenyewe nijue pa kuzitumia. Sasa toka nje."

Alitoka, akakaa kwenye korido na koti lake, mpaka baridi ikamrudisha ndani. Kesho yake aliahidi kila kitu: gari la wagonjwa, muuguzi wa kukodi, kumbeba mgongoni. Fusae hakuweza hata kukalishwa bila kuzimia, na daktari alisema kwa simu kwamba hatafika hata nusu ya njia. Basi amlete Toshie? Theluji ilikuwa imeshazika reli za kaskazini, na Toshie hakuwa na uwezo wa kushuka ngazi za nyumba yake.

"Niletee simu," alisema Fusae.

Kuramochi aliivuta simu na waya wake mpaka kwenye mto, akamshikia kipokeo sikioni, kwa hiyo akasikia yote, hata pumzi za yule mama upande wa pili.

"Dada, ni mimi. Fusae." Sauti aliyoitoa ilikuwa ya Oktoba, haijulikani aliitoa wapi. "Ah, tumbo lile lile. Vidonda tu, dada, si unajua vidonda haviishi mara moja. Nakula, tena nanenepa. Ile nyumba, usiizungumze tena, kosa lilikuwa langu. Lilikuwa langu, nyamaza wewe mkubwa. Maua yakichanua nakuja. Eisaku amesema atanileta mwenyewe, hebu fikiria. Ndiyo. Tandika kitanda cha mama, nitalala hapo."

Kuramochi alirudisha kipokeo mahali pake. Midomo ya Fusae ilikuwa imekuwa ya bluu.

"Hawezi kuja," alisema. "Akijua, atakaa pale peke yake na theluji, afanye nini?"

Kuramochi alifungua mdomo.

"Na wewe usiniambie kitu," alisema Fusae.

Alifariki mwishoni mwa Januari. Gemu ilitoka Machi, na watu walilia darajani kama Nishiwaki alivyosema. Toshie hakuweza kuja mazikoni. Alikuja Aprili, reli zilipofunguka, mpwa wa jirani akimshika mkono. Alichoma udi mbele ya picha ya mdogo wake, kisha akageuka juu ya mkeka kwa taabu akamtazama shemeji yake.

"Nimeongea na jirani yenu hapo chini," alisema. "Haikuwa vidonda. Ulijua tangu lini?"

"Septemba."

"Na yeye? Aliponipigia simu ile, alikuwa anajua?"

Kuramochi alikuwa ameandika wazee wanane, na wote walipoulizwa swali la mwisho walisema kweli. Alimfikiria Fusae na sauti ile ya Oktoba. Alimfikiria mama huyu akirudi Wajima kwenye kile kitanda alichokitandika.

"Hakujua," alisema. "Nilimficha mpaka mwisho. Aliamini kabisa kwamba atakuja."

Toshie alitikisa kichwa polepole. Machozi yalimtoka, lakini uso wake ulilegea kidogo, kisha ukawa mgumu tena, safari hii dhidi ya shemeji yake.

"Siku zote ulikuwa mtu usiye na mdomo," alisema. "Sikujua kama huna na moyo. Ungenipigia mimi. Ningekuja kwa magoti."

Kuramochi aliinama mpaka paji lake la uso likagusa mkeka. Hakujitetea. Alibaki hivyo, akimsikiliza yule mama akitafuta mkongojo wake, akisaidiwa kuvaa viatu pale mlangoni, akishuka ngazi moja moja bila kuaga.